Dhidi ya

Kwenye jalada la kahawia, kwa kalamu
inayovuja tangu Jumatatu, karani kaandika:
Uganda dhidi ya Ezati Gaspari.
Wizi. Mabati tisa, geji thelathini,
mali ya Avudria wa Ediofe, hapa Arua.

Mimi ndiye mkalimani. Kazi yangu
ni kusimama kati ya meza na kizimba
na kuvusha maneno, moja moja,
kama mtu avushaye mbuzi mto Enyau.
Mengi huvuka. "Wizi" huvuka lenyewe, halitaki kamba.
"Dhamana" huvuka huku likiulizia bei.
Ila hili "dhidi" hugoma ukingoni,
likachimba kwato.

Si kwamba silijui.
Nimelisoma ukutani mwa zahanati: chanjo dhidi ya surua.
Nimelisikia redioni: Arua dhidi ya Jinja,
kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, refa katikati.
Nyanya yangu Mnubi alikuwa na dua dhidi ya kijicho,
kaikunja ndani ya ngozi, kanifunga mkononi.
Kote huko neno lina mizani:
ugonjwa na sindano, timu na timu, jicho na hirizi.
Hapa upande mmoja nchi nzima,
maziwa yake, milima yake,
na korongo wa bendera aliyeinua mguu;
upande wa pili Ezati,
ndala zake hazifanani.

"Mshtakiwa ameelewa?"
Ninavusha. Anaangaza macho huku na huku.
"Huyo Uganda ndiye yupi?
Mabati nilimwibia Avudria,
na Avudria yule pale, amevaa koti la harusi.
Uganda nilimkosea nini?"

Benchi la nyuma likacheka. Polisi akagonga buti.
Mwendesha mashtaka, kijana aliyehamishwa juzi kutoka Mbale,
akainuka nusu, kama mtu aliyeitwa kwa jina la kaka yake.
Ndiye Uganda,
leo, mpaka saa saba mchana.

Kisha Avudria akasimama bila kuitwa.
"Mheshimiwa, nimesamehe. Sita amerudisha.
Tatu mama yake analipa kwa kuku.
Kesi yangu naiondoa."

Hakimu si mtu mbaya. Akavua miwani.
"Mzee, kesi hii si yako. Wewe ni shahidi."

Hilo nalo nikalivusha, mgongo ukauma:
kwamba kidonda chako huchukuliwa,
hupewa namba, kikawa cha umma.
Huenda ni vyema. Nimewahi kumwona binti
aliyesamehewa mbakaji wake na wajomba
kwa ng'ombe mmoja, wakala nyama yeye yuko jikoni.
Binti yule angeipata nchi nzima
isimame upande wake wa "dhidi",
angelala usiku ule.
Sijui. Mkalimani halipwi kwa kujua.

Ezati alikuwa bado anafikiri.
Akainua mkono wenye pingu; wa pili ukafuata.
"Mimi pia nina kitambulisho cha taifa.
Nilipanga foleni siku mbili.
Basi na mimi niko upande ule? Ninajishtaki?"

Majalada thelathini mezani. Feni imekufa.
Hakimu ananitazama, kalamu juu.
"Anasema nini?"

"Anasema ameelewa, Mheshimiwa."

Hilo sikulivusha. Nililiacha ng'ambo
likilia peke yake majanini.
Rumande, wiki mbili.

Ijumaa nilipita lango la gereza.
Avudria alikuwa hapo na koti lake lile lile,
kibakuli cha maharage kimefungwa kwa kitambaa,
bonge la kalo bado linafuka.
Askari akafungua daftari la wageni.
"Unamletea nani?"
"Ezati Gaspari."
"Na wewe ni nani wake?"

Mzee akafungua mdomo, akaufunga.
Akanigeukia mimi,
kana kwamba neno hilo ninalo.